Ng'ambo ya Ruvuma na Ng'ambo ya Bahari: Masomo ya Siasa na Mafunzo ya Kazi katika Nchi za Nje kwa Vijana wa Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Neno ng'ambo lina maana mbili ambazo wasemaji wengi wa Kiswahili huzitumia pasipo kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni upande wa pili wa mto, mkono wa bahari au barabara. Maana ya pili ni nchi za mbali, hasa zile zinazofikiwa kwa kuvuka bahari. Kwa mkazi wa Newala maana ya kwanza iko mbele ya macho yake. Akisimama kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma likiwa limetandaa chini yake, na ng'ambo ya mto huo ni Msumbiji. Maana ya pili humjia baadaye, akiisha kuingia shuleni na kusikia kwamba fulani amekwenda kusoma ng'ambo.

Makala haya yanaeleza jinsi vijana wa Masasi na Newala wanaosoma siasa, kwa maana pana inayojumuisha sayansi ya siasa, utawala wa umma na uhusiano wa kimataifa, walivyopata na wanavyoweza kupata nafasi za masomo na za mafunzo ya kazi katika nchi za nje. Mazungumzo ya kawaida kuhusu jambo hili huwa ni orodha ya wafadhili na tarehe zao za mwisho za kupokea maombi. Orodha ya namna hiyo ina manufaa yake, lakini huficha jambo la msingi. Nafasi ya kusoma nje ni kituo cha mwisho katika mnyororo wa vituo vingi, na kwa mtoto wa sehemu hii ya kusini mwa Tanzania mnyororo huo umezoea kukatika mapema, kabla jina la chuo chochote cha nje halijatajwa. Zaidi ya hayo, safari za elimu ya siasa hazikuwa za upande mmoja. Newala nayo imewahi kuwa ng'ambo kwa mwanafunzi wa siasa aliyetoka Marekani, na yale aliyoyachukua hapa yana uhusiano wa karibu na swali linalojadiliwa.

Itafaa kukumbusha kwamba Masasi, kijiografia, haiko juu ya uwanda wenyewe bali chini yake, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe vinavyotambulisha mji huo. Hata hivyo historia ya shule imezifunga Masasi na Newala pamoja, na kwa sababu hiyo zinashughulikiwa hapa kama eneo moja.

2.0 Vituo vya Kwanza

Elimu ya shule ilifika Masasi mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipotoka Unguja na kundi la watumwa walioachiwa huru. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa. Msafara ukaishia Masasi na makazi yakaanzishwa hapo. Mwaka 1882 makazi hayo yalishambuliwa na Wangoni walioitwa Magwangwara, na kwa muda shughuli za misheni zikaelemea zaidi upande wa Newala. Kwa upande wa Wakatoliki, Wabenediktini waliweka kituo chao Ndanda mwaka 1906. Misheni hizo mbili ndizo zilizoshika milango ya shule katika eneo hili kwa zaidi ya nusu karne, hadi serikali ilipozitwaa shule zao mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mtu wa kwanza anayestahili kutajwa katika mada hii hakusomea siasa. Cecil Majaliwa, mtu wa asili ya Kiyao aliyelelewa na misheni huko Unguja, alisoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury, Uingereza, katika miaka ya 1880. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa daraja la ukasisi katika misheni hiyo. Alifanya kazi Chitangali, katika eneo la jumbe wa Kiyao aliyejulikana kwa cheo cha Nakaam. Kazi ya kasisi katika mazingira hayo haikuwa ya kanisani pekee. Alipaswa kusuluhisha, kushauri na kuongea na wenye mamlaka kwa lugha wanayoielewa. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa mtu aliyesoma nje alitazamiwa arudi akiwa mpatanishi kati ya namna mbili za utawala. Tazamio hilo halijabadilika sana, ingawa leo hutajwa kwa maneno kama "uongozi" na "utawala bora" katika fomu za wafadhili.

3.0 Kutoka Lupaso hadi New York

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Benjamin William Mkapa. Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 Lupaso, karibu na Masasi. Alisoma Lupaso, Ndanda, seminari ya Kigonsera na Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambako Julius Nyerere alikuwa mwalimu hadi mwaka 1955. Kutoka Pugu alikwenda Makerere, Uganda, akahitimu mwaka 1962 katika somo la Kiingereza. Hatimaye, mwaka 1962 na 1963, alisoma uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Mfuatano huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Kabla ya Columbia vipo vituo vitano, na kila kimoja kilikuwa mbali na nyumbani kuliko kilichotangulia. Makerere yenyewe, kwa mtoto wa Lupaso, ilikuwa nchi ya nje: alivuka mpaka, akaishi na wanafunzi wa Uganda na Kenya, akafundishwa kwa mitaala iliyohusiana na Chuo Kikuu cha London. Alipofika New York alikuwa amekwisha kuwa mgeni mara nyingi. Na tena, shahada yake ya kwanza haikuwa ya siasa. Aliingia katika siasa za kimataifa kwa mlango wa lugha, jambo ambalo wanafunzi wa idara za lugha hawana budi kulizingatia. Baada ya masomo alikuwa ofisa wa mambo ya nje, kisha mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali kuanzia mwaka 1966, mwandishi wa habari wa Rais mwaka 1974, balozi katika Nigeria, Kanada na Marekani, waziri wa mambo ya nje kwa vipindi viwili, na Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Alifariki tarehe 24 Julai 2020, akazikwa Lupaso.

Ipo hatari ya kuufanya mfano huu kuwa ngano ya mtoto wa kijijini aliyefanikiwa kwa juhudi zake. Juhudi zilikuwapo, lakini wakati nao ulikuwa wake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na wahitimu wachache mno, na ilihitaji mabalozi mara moja. Chuo Kikuu chake kilikuwa kimefunguliwa Oktoba ya mwaka huohuo, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi kumi na wanne, katika jengo la TANU, mtaa uitwao sasa Lumumba. Hapakuwa na mahali pa kusomea uhusiano wa kimataifa nchini; hivyo kusoma nje hakukuwa upendeleo bali njia pekee iliyokuwapo. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa balozi katika Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, alisoma Delhi na baadaye akapata shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa huko huko Columbia. Kizazi hicho kilipewa kazi kwanza, masomo yakafuata au yakaenda sambamba na kazi. Kijana wa leo huelezwa kinyume chake.

4.0 Mwanafunzi wa Siasa Aliyekuja Newala

Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, katika jimbo la Illinois, alifika wilaya ya Newala kufanya utafiti wa uzamivu. Jina lake ni J. Gus Liebenow. Alipata shahada yake mwaka 1955, akaja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa programu ya masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Indiana, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kuhusu utawala wa kikoloni na maendeleo ya kisiasa nchini Tanzania, mfano wake ukiwa Wamakonde.

Swali lililomleta Newala lilikuwa na uzito wa kinadharia. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika tangu mwaka 1925 hadi 1931, alieneza mfumo wa kutawala kwa kuwapitia watawala wa jadi. Mfumo huo uliwafaa Waingereza mahali palipokuwa na mtemi au mangi. Wamakonde hawakuwa na mtawala mmoja wa namna hiyo. Mamlaka yao yalikaa kwa wakulungwa, yaani wakuu wa makazi madogomadogo ambao heshima yao ilitokana na ukoo, ardhi na matambiko. Je, serikali ya kigeni inafanyaje inapotafuta mfalme pasipo na mfalme? Liebenow alifuatilia jinsi wakoloni walivyotapatapa, wakiunda mamlaka na kuyavunja, na matokeo yake kwa siasa za watu wa Newala.

Kwa mwanafunzi wa siasa mwenye asili ya Newala jambo hili lina ajabu yake. Akipata nafasi ya kusoma Marekani anaweza kukuta, katika rafu za maktaba ya huko, habari za utawala wa mababu zake zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Evanston. Mjomba wake, ambaye kwa desturi ya ukoo wa kuumeni kwa mama ndiye msimamizi wa malezi yake, huenda anazijua habari hizo kwa namna nyingine, lakini hajawahi kuulizwa kwa ajili ya tasnifu. Hapa kuna upungufu ambao hauwezi kulaumiwa kwa Liebenow, ambaye alifanya kazi yake. Upungufu ni kwamba njia ile aliyopita hadi Newala ilikuwa pana kuliko njia ya kutoka Newala hadi kwake.

Chuo kilekile cha Northwestern kilikuwa na mwanafunzi mwingine wa Kiafrika katika miaka hiyo. Eduardo Mondlane wa Msumbiji alihitimu Oberlin mwaka 1953, akaenda Northwestern, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1960. Tangu mwaka 1957 alifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi za udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Mwezi Juni 1962 akawa rais wa kwanza wa FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam. Mondlane hakuwa Mmakonde. Alitoka Gaza, kusini mwa Msumbiji. Lakini vita alivyoviongoza vilianza tarehe 25 Septemba 1964 katika nchi ya Wamakonde ng'ambo ya Ruvuma, na maelfu ya wakimbizi wakavuka mto kuingia Mtwara na Lindi. Watu wa Newala waliowapokea hawakuhitaji kwenda popote ili waione siasa ya kimataifa. Ilikuja kwao kwa mitumbwi, ikiwa na watoto mgongoni.

5.0 Mnyororo Ulipokatika

Baada ya kizazi cha Mkapa ingetazamiwa kwamba njia ingepanuka. Kwa namna fulani ilipanuka: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, na idadi ya watoto darasani ikaongezeka kwa kasi. Azimio hilohilo lilibadili masharti ya kuingia chuo kikuu, likimtaka mwombaji awe amefanya kazi kwanza na apate maoni ya chama na ya mahali pake pa kazi. Wanafunzi wengi waliliona sharti hilo kuwa kikwazo. Inashangaza kidogo kuona kwamba ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1983, nao umekuwa ukidai uzoefu wa kazi wa yapata miaka miwili, na hakuna anayeuita ujamaa.

Lililokatika zaidi lilikuwa uchumi wa kaya. Korosho ndiyo karo ya shule katika uwanda wa Makonde. Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho katika msimu wa 1973/74. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zake zinajulikana: wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Kaya iliyopoteza mikorosho ilipoteza pia uwezo wa kumweka mtoto bwenini. Barabara nayo ilikuwa tatizo. Hadi Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivushwa kwa pantoni, na wakati wa masika safari ya yapata kilomita 600 kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ilikuwa jambo la kubahatisha.

Hali imebadilika tangu hapo. Ada za sekondari za serikali zimefutwa, kwanza hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris. Lakini mwendo wa fedha shambani haujalingana na mwendo wa maombi ya masomo. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, zikahifadhiwa ghalani, zikauzwa kwa mnada kuanzia mwezi Oktoba, ndipo malipo yakaja. Katika msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Ufadhili mwingi wa masomo ya uzamili hupokea maombi kati ya Agosti na Desemba. Katika miezi hiyo mwombaji anatakiwa kulipia mtihani wa Kiingereza, nauli ya kuufuata Dar es Salaam, nakala za vyeti, na pasipoti ambayo tangu mwaka 2018 ada yake ilipangwa kuwa shilingi 150,000. Ufadhili unaoitwa "kamili" hulipa kila kitu isipokuwa gharama hizi za mlangoni. Kwa hiyo kijana aliyefuzu hushindwa, si kwa kukosa alama, bali kwa sababu mnada wa tatu haujafanyika.

6.0 Nafasi Zilivyo na Zinavyofanya Kazi

Mhitimu wa shule za Masasi au Newala anayeingia katika masomo ya siasa mara nyingi ametoka katika tahasusi za HGL au HKL. Hili lina matokeo. Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022, ulilenga wahitimu bora wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwaelekea hasa wanaosoma ndani ya nchi. Mwanafunzi wa siasa anayetaka kusoma nje hutegemea wafadhili wa nje, na wao humtaka zaidi katika ngazi ya uzamili kuliko ya shahada ya kwanza.

Kila mpango una mantiki yake, na mwombaji asiyeijua hupoteza muda. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulitokana na mkutano wa elimu uliofanyika Oxford mwaka 1959, nao hutazama maendeleo ya nchi atokayo mwombaji. Chevening hutafuta kiongozi wa kesho, na humfunga arudi kwao kwa miaka miwili. Fulbright, uliotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1946, huweka mbele ubadilishanaji wa watu na fikra. Shirika la Ujerumani la DAAD limekuwa na mpango wenye jina la Helmut Schmidt unaowahusu moja kwa moja wanafunzi wa sera za umma na utawala bora. Masomo yake hutanguliwa na kozi ya Kijerumani. Katika enzi ya vita baridi upande wa mashariki nao ulikuwa na mantiki yake: Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Anayesomea siasa ataona mara moja kwamba ufadhili wa masomo ni sera ya nje ya nchi inayotoa, na hana sababu ya kuona haya kuutazama hivyo akiwa anaujazia fomu.

Kikwazo kigumu kuliko vyote ni insha ya kujieleza. Mfadhili humtaka mwombaji aandike, kwa nafsi ya kwanza, jinsi alivyoongoza wenzake, alivyoshinda magumu na atakavyobadili nchi yake. Kijana aliyepita jando au unyago amefundishwa kwamba sifa zake husemwa na wengine, na kwamba mdogo hajitangulizi mbele ya wakubwa. Akiandika kwa adabu hiyo, insha yake husomeka kama ya mtu asiye na lolote. Akiiga mifano inayopitishwa kwa wanafunzi, husomeka kama ya mtu mwingine. Kujieleza ni utanzu, una kanuni zake kama tenzi au tamthilia zilivyo na zake, na utanzu hufundishika. Idara za lugha zina uwezo wa kuufundisha kuliko ofisi yoyote ya ushauri, kwa kuanzia katika Kiswahili: kumwonyesha mwanafunzi tofauti kati ya kujisifu na kutoa ushahidi, na namna ya kusimulia tendo kwa undani hadi sifa ijitokeze yenyewe. Aliyekuwa katibu wa chama cha msingi kwa msimu mmoja, akasimamia mizani na daftari la wakulima, ameona siasa ya ugawaji kuliko wengi walioshiriki midahalo. Ni nadra aandike hivyo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni "uzoefu".

Ipo pia njia ambayo wanafunzi wa siasa huipuuza. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa walimu wa lugha umewapeleka vijana wa Tanzania katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wakifundisha Kiswahili huku wakisoma kozi za chuoni. Kwa mhitimu wa siasa mwenye Kiswahili sanifu kizuri hiki ni kituo kinachofaa kabla ya uzamili, kama Kiingereza kilivyokuwa kituo cha Mkapa kabla ya Columbia.

7.0 Mafunzo ya Kazi

Kiswahili hakijatulia kuhusu jina la jambo hili. Neno utarajali limezoeleka zaidi kwa madaktari. Mafunzo kazini huashiria mtu ambaye tayari ni mwajiriwa. Mafunzo kwa vitendo hutumika vyuoni kwa kipindi ambacho ni sehemu ya shahada. Mwanafunzi anayekwenda kukaa miezi mitatu au sita katika ofisi ya shirika la kimataifa haingii sawasawa katika lolote kati ya hayo matatu. Katika makala haya "mafunzo ya kazi" yametumika kwa maana hiyo, pasipo kudai kwamba ndiyo istilahi ya mwisho.

Utata wa jina unaendana na utata wa malipo. Mwaka 2015 ilitangazwa sana habari ya kijana wa New Zealand aliyeishi kwenye hema mjini Geneva alipokuwa akifanya mafunzo ya kazi katika Umoja wa Mataifa bila malipo. Baadhi ya mashirika yalianza baadaye kutoa posho, lakini kanuni ya kutolipa ilikuwa imekwisha kuwachuja watu kwa muda mrefu. Ikiwa kijana wa nchi tajiri alilala hemani, mtoto wa mkulima wa Kitangari hakufika hata kwenye hema. Mafunzo ya kazi yasiyo na malipo yana madhara makubwa kuliko masomo yasiyo na ufadhili, kwa kuwa ndiyo yanayotoa majina ya watu na barua za utambulisho zinazohitajika katika ajira za diplomasia.

Kwa sababu hiyo ng'ambo ya karibu inastahili kupewa uzito zaidi kuliko ilivyo kawaida. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Bunge lake na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mhitimu anaweza kufanya kazi ya kimataifa humo bila viza. Addis Ababa kuna Umoja wa Afrika, ulioanzisha mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka 2010. Makerere ilifungua mwaka 2021 kituo cha Rotary cha masomo ya amani. Katika ofisi hizi Kiswahili ni mtaji. Mwezi Julai 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyejifunza Kiswahili nchini Tanzania katika miaka ya ukombozi, aliwahutubia wakuu wa nchi za Afrika huko Addis Ababa kwa lugha hiyo, na wakalimani wakababaika. Jumuiya ya SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022.

Uhusiano na Msumbiji uliwahi kupewa chombo chake cha elimu. Mwaka 1978 nchi hizi mbili zilianzisha kwa pamoja, Kurasini, Dar es Salaam, Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa, ambacho watu wengi hukiita Chuo cha Diplomasia. Wazo la kwamba maofisa wa nchi mbili jirani wasome darasa moja lilikuwa zuri, ingawa ubia huo haukudumu na chuo kikabaki cha Tanzania. Mwaka 2010 marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja huko Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Masasi. Wanafunzi wa siasa waliolivuka daraja hilo kwenda kusoma hawajawa wengi, na sababu kubwa ni Kireno, ambacho hakifundishwi katika sekondari za kawaida za Mtwara licha ya kuwa lugha rasmi ya nchi inayoonekana kutoka Newala.

Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado limekuwa na uasi wa kutumia silaha. Mwaka 2020 mashambulizi yalivuka Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kati ya mwaka 2021 na 2024 SADC iliweka majeshi huko, Tanzania ikiwemo. Taasisi za utafiti za Ulaya, Maputo na Afrika Kusini zimeandika mengi kuhusu chanzo cha vita hivyo, na watafiti wao hutegemea mahojiano yanayofanywa kwa Kimakonde, Kimwani, Kimakua na Kiswahili, mara nyingi kwa kupitia mkalimani. Mhitimu wa siasa kutoka Newala anazo lugha mbili kati ya hizo, pengine tatu, na ana ndugu pande zote mbili za mto. Anapoomba mafunzo ya kazi katika taasisi hizo, lugha anazoulizwa kwanza ni Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kimakonde hukiandika chini, katika nafasi ya lugha nyinginezo, kama fomu inayo nafasi hiyo.